Baba Anasubiri Picha

Fundi makochi alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni kamera. Mteja mkorofi hakumtisha. Mbwa wa jirani hakumtisha. Lakini mtu akitoa simu na kumwelekezea, mzee aliinama papo hapo kutafuta msumari chini ya meza. Msumari wenyewe hata haukuwapo. Picha ilitoka na mgongo, na watu wakacheka.

Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba. Asubuhi ulisikia nyundo, kisha mkasi ukikata kitambaa, kisha kikohozi chake. Nusu ya mtaa ilikalia kazi ya mikono yake. Mkewe alishona foronya za mito kwa cherehani iliyokaa karibu na dirisha. Walikuwa na mabinti wawili. Mkubwa aliuza katika duka la dawa, na nyumbani walimwita Chiriku. Alianza kuongea kabla ya kuota meno, na tangu hapo hakumpumzisha mtu. Mdogo walimwita Kitinda, kwa sababu ndiye wa mwisho.

"Baba, picha moja tu," Chiriku alimbembeleza kila mara.

"Ya nini? Sura yangu unaiona bure kila siku."

"Iko siku tutaitaka."

"Siku hiyo njooni mniangalie. Nipo hapa hapa."

Basi katika nyumba nzima, picha ya Baba ilikuwa moja tu. Ni ile ndogo ya kwenye kitambulisho chake.

Mwaka mmoja miguu ya Baba ilianza kuvimba. Alipanda ngazi mbili, akahema kama amekimbia. Daktari akasema moyo umechoka. Alimpa dawa, akamkataza kubeba vitu vizito na kusimama muda mrefu. Kisha akawaita mabinti pembeni.

"Dawa zitamsaidia," alisema, "lakini moyo wake hautarudi ulivyokuwa. Kaeni naye vizuri."

Mwaka huohuo Chiriku alichumbiwa na fundi umeme, kijana mpole, mwenye maneno machache. Watu walisema ni afadhali, maana wangeongea wote wawili nani angesikiliza? Baba alifurahi sana. Alijiwekea kigoda karakanani, akaanza kutengeneza kochi la maharusi kukalia ukumbini. Alikata mbao akiwa amekaa. Alipiga msumari, akapumzika. Alifunga vifungo vya kitambaa kimoja kimoja.

Siku moja aliwaita wote.

"Sikilizeni. Siku ya harusi nitapigwa picha."

Mama alisimamisha cherehani. "Nani? Wewe?"

"Mimi. Moja tu, msinizoee. Nitakaa juu ya kochi langu. Chiriku hapa, Kitinda pale, na wewe mama yao karibu yangu. Mkinikosa siku hiyo, mmenikosa."

Chiriku alimrukia shingoni. Wote walielewa kwa nini mzee amelegeza msimamo.

Kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta mpiga picha. Chiriku hakuhangaika. Alimpata kwenye simu. Watu walimwita Staa. Alikuwa ameweka picha ya bi harusi amesimama kando ya maji, jua linazama, shela limeinuliwa na upepo. Chiriku aliiangalia dukani, akaiangalia mezani, akaiangalia akiwa anapiga mswaki.

"Nitapigwa hivi hivi," alimwambia mchumba wake.

"Na wazee je?" fundi umeme aliuliza.

"Jamani, ni mpiga picha! Sasa wazee atawaruka?"

Fundi umeme akanyamaza. Kwa Chiriku, mtu akinyamaza maana yake amekubali.

Nyumba ya tatu kutoka kwao aliishi Mama Studio. Zamani alipiga picha za harusi mji mzima. Goti lilipomharibikia, alibaki kupiga picha ndogo za vitambulisho. Ndiye aliyepiga ile ya Baba, tena kwa kumtishia kwamba bila picha hatapata kitambulisho. Alikuwa na ulimi mkali, na alijua thamani yake.

"Bi harusi!" alimwita Chiriku alipopita. "Mpiga picha umepata?"

"Nimepata, mama, tena wa kisasa!" Chiriku alijibu, na miguu haikusimama.

Mama Studio akafyonza, akarudi ndani.

Kwa Staa palikuwa na kioo kikubwa na kiti kinachozunguka. Ukutani walijaa mabibi harusi warefu kuliko mlango. Hapakuwa na mzee hata mmoja pale ukutani, wala mtoto, wala mtu anayekula. Chiriku hakuliona hilo. Aliona shela.

"Tutaenda bustanini kwenye bwawa," Staa alisema. "Jua likianza kulala, hapo ndipo mambo yanapokuwa."

"Na picha za familia?"

"Tutapiga tukirudi ukumbini. Ondoa wasiwasi, dada."

Chiriku akaondoa wasiwasi. Hakuuliza wataondoka saa ngapi, wala watarudi saa ngapi. Hakutaja kwamba baba yake ni mgonjwa. Waliongea habari za jua mpaka chai ikapoa.

Siku ya harusi, ndoa ilifungwa asubuhi, na mchana watu wakahamia ukumbini. Kochi lilikuwa limewekwa mbele. Watu walilishika, wakalisifu. Baba alikaa kwenye kiti cha pembeni, kwa sababu hakutaka kulikalia kochi kabla ya maharusi. Alivaa suti ya kijivu. Chiriku alimwona kwa mbali, akampungia mkono. Alitaka kumfuata, lakini Staa alikuwa ameshamshika kiwiko.

"Twende, dada. Jua halitusubiri."

Bustanini Chiriku alifurahi. Lazima ukweli usemwe, alifurahi sana. Inua kidevu. Rusha shela. Geuka. Rudia. Cheka kidogo, siyo hivyo, kidogo. Fundi umeme aliangalia saa, akaangalia tena. Simu ikalia. Ilikuwa Kitinda.

"Dada, Baba anakuulizia."

"Tunakuja. Mwambie asikalie kochi mpaka nije, atalikunja!"

Alicheka, akampa msimamizi wake simu aishike. Ikalia tena, lakini upepo ulikuwa umeanza kuinua shela, na Staa alikuwa anapiga kelele za furaha.

Waliporudi ukumbini taa zilikuwa zimewashwa. Vigelegele vikapigwa. Chiriku aliangalia kile kiti cha pembeni. Palikuwa na mkoba wa mtu.

"Baba yuko wapi?"

"Amepelekwa nyumbani," Kitinda alisema. Hakumtazama usoni. "Miguu ilivimba, viatu vikambana. Alikuwa hawezi tena."

Nyuma yao Staa alikuwa amelizunguka kochi. "Kazi safi hii!" alisema, akalipiga picha. Mbele. Ubavuni. Vifungo kwa karibu.

Kesho yake Chiriku alikwenda kumwomba Baba msamaha. Alimkuta kitandani, miguu juu ya mito miwili.

"Baba, vaa suti nikupige kwa simu. Sasa hivi."

"Nilisema siku ya harusi," Baba alijibu, akacheka. "Imepita hiyo. Subirini ya Kitinda."

Chiriku naye akacheka, maana mzee alicheka. Kila alipokuja tena na simu, Baba aligeukia ukutani. Kabla mvua za mwaka ule hazijaisha, moyo wake ulisimama.

Msibani palihitajika picha ya kuweka mbele ya waombolezaji. Walichukua ile ya kitambulisho, wakaipeleka kukuzwa. Ikarudi imejaa vitone, na macho yamekodoka kama ya mtu aliyeitwa ghafla. Watu waliiangalia, wakainamisha vichwa. Mtoto mmoja wa jirani aliuliza kwa sauti, "Huyu ni nani?" Mama yake akamfinya.

Baada ya msiba Chiriku alikwenda kwa Staa.

"Pole kwa msiba, dada."

"Asante. Nitafutie picha za baba yangu."

Staa alikaa mbele ya kompyuta. Wakapitia zote, moja baada ya moja. Shela. Viatu. Pete juu ya ua. Bwawa. Keki. Kochi mbele, kochi ubavuni, kochi vifungo. Nyuma ya keki, pembeni kabisa, kilionekana kiwiko ndani ya mkono wa suti ya kijivu.

"Hapo," Chiriku alisema. "Ule mkono. Nyingine ziko wapi?"

"Nyingine nilizifuta. Nilikupa zilizo nzuri. Kadi ya kamera inafanya kazi nyingine, dada, siwezi kuweka kila kitu."

"Alikaa pale mchana kutwa! Hukumwona?"

Staa alikunja uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kulaumiwa.

"Niliona wazee wengi wenye suti. Yupi baba yako, ningejuaje? Hukunionyesha. Hukuniambia anaumwa. Ulitaka bustani. Si nilikupa bustani?"

Chiriku alitaka kumtukana. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani maneno yakamkataa. Alikuwa amepewa kila alichoomba.

Tangu siku hiyo walimwita Chiriku kwa mazoea tu. Aliuza dawa, akarudisha chenji, akanyamaza. Picha za bustanini alizifungia kabatini kwake. Mumewe hakuziulizia.

Mwaka uliofuata Kitinda akachumbiwa. Mama aliposikia watu wanataja kamera, aliweka mkasi chini.

"Kwenye harusi hii sitaki mpiga picha."

"Mama..."

"Nimesema. Oaneni, mle, mcheze. Kamera isije mbele yangu."

Kitinda alilia chumbani. Alitaka picha na mama yake. Alishamkosa mzazi mmoja, na shinikizo la damu la Mama lilikuwa linapanda na kushuka. Chiriku alimsikiliza, roho ikamuuma. Akapiga moyo konde. Akamshika mdogo wake mkono, wakaenda nyumba ya tatu.

Mama Studio alikuwa anatundika shuka jeupe ukutani.

"Leo mmesimama," alisema. "Siku ile ulinipita kama basi lililojaa."

"Nisamehe, mama. Nifundishe. Mpiga picha wa harusi anachaguliwaje?"

Mama Studio aliwatazama kwa muda. Kisha akakaa kwenye kigoda cha wateja, akanyoosha goti bovu.

"Baba yenu alipoonyeshwa kochi la fundi mwingine, alifanya nini?"

"Alilipindua," Kitinda alisema.

"Kwa nini?"

"Aone chini. Mbao, kamba, misumari. Alisema kitambaa kizuri kila mtu anaweza kuweka juu."

"Basi mpiga picha naye mpindueni. Picha kumi za kwenye simu ni kitambaa. Amezichagua mwenyewe, tena kutoka harusi kumi. Wengine hata huchukua za wenzao wakaweka. Mwambieni awaonyeshe harusi moja nzima, ya watu wa kawaida. Asubuhi mpaka mwisho. Angalieni ukumbini kwenye taa mbaya watu wanaonekanaje. Angalieni kama bibi yupo, kama watoto wapo, kama mama wa bwana harusi ana sura au ana kisogo tu."

"Akikataa?"

"Amewajibu. Asanteni, kwaheri. Halafu ulizeni ni nani atakayekuja siku yenyewe. Kuna anayewapokea yeye, akamtuma mwingine msiyemjua. Waulizeni na wateja wake wa nyuma. Picha walizipata kwa wakati? Alikuwa na adabu na wazee?"

"Na picha zinazofutwa?" Chiriku aliuliza.

"Mwulizeni anaziweka wapi, na kwa muda gani. Awe na nakala mahali pawili. Kamera ikiharibika katikati ya shughuli, anayo nyingine? Yote hayo yaandikwe, muweke sahihi nyote, kila mmoja abaki na karatasi yake. Kuandikiana siyo kuwekeana uadui. Mtu mwema naye husahau."

Kisha akaongea polepole zaidi.

"Na ninyi mna kazi yenu. Mpiga picha hajui shangazi wala mjomba. Mwambieni mapema ni akina nani lazima wapigwe. Mpeni ndugu mmoja anayejua watu wote, mwenye sauti, awaite. Mnaye?"

"Shangazi," mabinti walisema kwa pamoja. Shangazi yao aliweza kumwita mtu aliye mtaa wa pili bila simu.

"Anafaa. Na wazee na wagonjwa wapigwe kwanza. Kabla ya bustani, kabla ya chakula, kabla ya chochote. Wakiwa wamekaa. Jua la bustanini litazama tena kesho."

Chiriku aliinama. Machozi yalimlengalenga. Mama Studio aliangalia pembeni, akasafisha koo.

"Usijibebeshe peke yako. Mimi nilikuwa ukumbini siku ile. Nilimwona mzee anasubiri. Kamera yangu ilikuwa nyumbani, ningeweza kumtuma mtu aifuate. Nikajisemea, si wametafuta wa kisasa? Ngoja waone." Alisugua goti. "Tumeona wote."

Chiriku alimchukia kwa muda mfupi, akamwonea huruma, kisha akamshukuru kwa sauti ndogo na kuondoka.

Waliwatembelea wapiga picha wawili. Wa kwanza alikuwa na ofisi inayonukia manukato. Kitinda alimwomba harusi moja nzima.

"Nzima?" yule bwana alicheka. "Mtachoka bure. Hizi hapa ndizo zinazobamba."

"Tunaomba nzima," Kitinda alisema.

"Kwani ninyi ni wakaguzi?"

Waliaga. Nje Kitinda alisema, "Mkali huyu." Chiriku akajibu, "Tumempindua." Kidogo tu, wakacheka.

Wa pili alikuwa na chumba juu ya duka la rangi. Alivaa miwani minene. Aliwawekea harusi nzima bila kusumbua. Nyingine zilikuwa picha za kawaida kabisa. Bibi kizee amefunua fizi anacheka. Baba mmoja anafuta jasho kwa tai. Watoto wamelala juu ya viti viwili. Lakini kila mtu alikuwa na uso, hata walioketi meza ya mwisho.

"Nitakuja mwenyewe, na mke wangu ananisaidia," alisema. "Picha zote nitazihifadhi mahali pawili kwa mwaka mzima. Tutaandikiana." Kisha akavua miwani, akaifuta. "Nianze kuwauliza mimi sasa. Katika familia kuna mgonjwa? Kuna mtu asiyeweza kukaa muda mrefu?"

Chiriku alisimama. Alitoka mpaka kwenye ngazi, akashika ukuta. Harufu ya rangi ilipanda kutoka dukani. Swali lenyewe lilikuwa dogo hivyo. Ingetosha mtu mmoja kuliuliza. Ingetosha yeye mwenyewe kulijibu hata bila kuulizwa. Kitinda alimfuata, akamkuta analia kwa sauti kama siku ya msiba.

"Tumchukue huyu," Chiriku alisema alipopata pumzi. "Mwambie kuhusu presha ya Mama. Mwambie kila kitu."

Alibaki Mama. Chiriku alimkuta kwenye cherehani, akakaa sakafuni miguuni pake.

"Mama, tumempata mtu. Atakuja hapa hapa nyumbani asubuhi. Utapigwa kwanza, umekaa. Hutasubiri."

Mama aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi.

"Unajua baba yako alinyoa mara mbili siku ile?" aliuliza. "Alfajiri alinyoa. Mchana akaniambia ndevu zimeota, akaenda kunyoa tena kwenye kioo cha ukumbini. Wewe ulikuwa bustanini. Kila mlango ulipofunguka, alishika tai akaiweka sawa. Akaingia mtu wa soda, akaiweka sawa. Akaingia mtu wa viti, akaiweka sawa. Nikamwambia legeza, inakubana. Akasema hapana, watanikuta vibaya."

Chiriku hakuwahi kusikia hayo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ulikuwa bibi harusi. Nilitaka ulale." Sauti ya Mama ilikwaruza. "Lakini nilikukasirikia. Mpaka leo kuna siku nakukasirikia, mwanangu. Nakuona unapita hapo mlangoni, nakasirika. Kisha inapita."

"Nikasirikie tu, Mama. Lakini Kitinda hana kosa. Anataka picha yako."

Mama alichukua foronya nyingine, akaigeuza ndani nje.

"Asinicheleweshe," alisema mwishoni.

Hakumchelewesha. Siku ya harusi ya Kitinda, mpiga picha wa miwani alifika Mama akiwa bado na kikombe mkononi. Shangazi alisimama mlangoni, akaita majina kama mwalimu wa zamu. Mtu aliyejificha jikoni alivutwa na kanga yake. Mama aliketi katikati, mabinti huku na huku. Mpiga picha alimsogeza kidogo upande wa dirisha ili mwanga uangukie usoni. Akamwuliza kama anasikia vizuri, kama kiti kinamuumiza. Akapiga. Akawaita na wakwe, akapiga. Kisha akamwambia, "Mama, umemaliza. Kanywe chai yako."

Mama Studio alialikwa, akakalishwa mbele. Alikuwa amekuja na kamera yake ya zamani ndani ya mkoba. Hakuambiwa na mtu, na hakuitoa. Ilikuwa akiba tu. Bustanini Kitinda alikwenda baadaye, muda mfupi, wazee wakiwa wameshakula na kupigwa. Picha zake za bustani zilikuwa nzuri vilevile.

Siku hizi wasichana wakija dukani na simu kumwonyesha Chiriku mashela, yeye huwauliza nyumbani kuna nani. Wakitaja mzee, huweka dawa pembeni na kuwaeleza yote, mpaka foleni inalalamika. Watu wanasema Chiriku amerudi. Hajarudi yule wa zamani, lakini walau anaongea.

Mpiga picha alileta picha siku ileile waliyoandikiana. Ile ya familia alikuwa ameichapisha kubwa. Kitinda aliibusu. Shangazi alipiga kigelegele, akajitafuta, akajipata, akapiga kingine. Mama alivaa miwani yake ya kushonea. Aliangalia picha kwa makini, kona moja mpaka nyingine. Alijiona ametulia, amependeza, binti zake wamemwegemea.

"Ni nzuri," alisema.

Chiriku alishusha pumzi.

"Ilichukua muda gani hii?" Mama aliuliza.

"Muda mfupi tu, Mama. Uliporudi mezani chai yako ilikuwa bado ina moto."

Mama aliendelea kuishika ile picha. Kidole chake kilipita juu ya vichwa vyao, polepole, kama anayehesabu watu ambao anawajua tayari.

"Kumbe ni kitu cha muda mfupi hivyo," alisema. "Basi siku ile tulishindwa nini?"

Kitinda aliangalia chini. Shangazi, mwenye sauti ya kuita mtaa wa pili, alijifuta macho kwa kanga. Chiriku alisogea karibu na mama yake, akashika upande wa pili wa ile picha.